Ndugu Jina la Mpangaji

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya kutufukuza imefika leo. Imesukumwa chini ya kila mlango, kuanzia ghorofa ya chini mpaka huku kwetu juu. Inasema jengo limechakaa na kampuni italibomoa masika yakiisha. Asiyetaka kuhama aandike pingamizi kwa afisa wa nyumba wa manispaa, kila mtu na sababu zake mwenyewe. Pingamizi zinazofanana zitahesabiwa kuwa moja. Mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa tarehe 4 Aprili.

Hayo yote nimeyaelewa. Kilichonipandisha hasira ni salamu. Barua yangu inaanza hivi: "Ndugu Jina_la_Mpangaji." Nikadhani ni mimi tu. Nikamgongea jirani, naye ni Ndugu Jina_la_Mpangaji. Jengo zima ni yeye. Watu wanataka kutubomolea nyumba na hawakujisumbua hata kuyaweka majina yetu.

Kosa hilo nalijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni karani wa shule ya udereva, na kila mwezi natoa barua za wanafunzi. Unaandika barua moja, unaacha mapengo, kisha kompyuta inachukua majina kwenye jedwali na kuyajaza, barua moja kwa kila mtu. Ukisahau kuunganisha jedwali, pengo linabaki pengo. Sijawahi kumpelekea mtu pengo.

Mama aliniambia nimsomee. Mama yangu haoni, ni miaka mingi sasa. Nilipofika kwenye salamu nikatamka jina lake, kana kwamba limeandikwa pale.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano wa wapangaji, kwenye duka la Kinyozi. Yeye ndiye mwenyekiti wetu, na duka lake liko mbele ya jengo, kwa hiyo mikutano yote inanuka spiriti.

"Huyu Ndugu Jina la Mpangaji," Kinyozi akasema, "kama yupo, ahame yeye. Sisi wengine tupo."

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi.

"Katibu, wewe si una kompyuta?"

"Ninayo ya kazini."

"Ya kazini ndiyo nzuri. Ikifa, hufiwi wewe."

Tumekubaliana hivi. Kila mpangaji atanipa sababu zake kwa maneno yake, nami nitaziingiza kwenye jedwali. Kichwa cha barua kitakuwa kimoja, lakini sababu ni za kila mtu. Wazitazame hata kwa darubini, hazitafanana.

Chiriku aliongea tangu mkutano unaanza mpaka watu wanabeba viti. Ni fundi cherehani wa chini, mlango wake unatazamana na mwisho wa ngazi. Hilo jina alipewa na jengo zima, na mimi ni mmoja wa waliompa. Kila asubuhi anasimama mlangoni na kuanza: mitaro, uzi, bei ya vifungo, mteja aliyenenepa akalaumu gauni. Mimi huku juu nasikia kila neno, na nachoka kabla sijafika kazini.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana. Ndoo imerudi kazini.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimekusanya sababu. Nimeanza na ghorofa yetu, maana ndiko niliko. Wa huku juu ni watu wa maneno machache. Mmoja kaandika, "Sitaki kuhama." Mwingine, "Hapa ni karibu na kazini." Nimewaandika wao kwanza, nikashuka ghorofa kwa ghorofa.

Mama amesema zake niliporudi juu usiku, ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, nami nikaandika bila kugusa neno.

"Niliingia nyumba hii nikiwa bibi harusi. Humu nilimzaa mwanangu na humu alifia mume wangu. Macho yangu yaliondoka polepole, nikapata muda wa kuikariri nyumba kwa mkono, kila ukuta, kila kona, kila ngazi iliyomeguka. Leo sioni kitu, lakini humu ndani mimi naenda nitakako bila kushikwa mkono. Mkinihamisha, ndipo mtakaponipofua."

Nilimaliza kuandika, nikajifanya naangalia ndoo.

Mama anashuka ngazi peke yake kila asubuhi na fimbo yake, anakwenda kukaa kwa Kinyozi kusikiliza redio na umbea wa wanaume. Hajawahi kuanguka. Nilipojaribu kumsindikiza alinipiga kiwiko cha mbavu. Nimejaribu kumwona kichwani mwangu mahali pengine popote na sioni kitu zaidi ya mama yangu ameketi kwenye kiti, akingoja mtu ampeleke msalani. Sitakubali.

Chiriku yeye kanipa karatasi za kukatia mitindo, zimejaa mwandiko pande zote mbili. "Andika yote, mdogo wangu. Usiniruke." Nimeandika mpaka vidole vikaingia ganzi. Nani alizaliwa mwaka gani, bomba lipi lilipasuka, nani alipaka rangi mlango bila ruhusa. Nimemweka wa mwisho kabisa kwenye jedwali, nyuma hata ya Mama, na kisingizio changu ni kwamba anakaa chini kabisa.

Jumanne, 18 Machi

Namba za nyumba zimepoteza sifuri. Nyumba 07 imekuwa 7, kompyuta imedhani tunafanya hesabu. Nimeiambia safu hiyo ni ya maneno, si ya kujumlisha, na sifuri zimerudi. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Tarehe zimegeuka. Kinyozi alihamia hapa tarehe tatu mwezi wa tisa. Barua inashikilia ni tarehe tisa mwezi wa tatu. "Imeniongezea miezi kwenye nyumba," amesema, "iache." Nimeirekebisha. Hawa hawatapata pa kutushika.

Jumapili, 23 Machi

Barua za ghorofa ya pili zinamwagikia ukurasa wa pili, sahihi imebaki kule peke yake kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Nimepunguza pambizo, nikakaza mistari. Sasa kila barua ya kawaida inakaa kwenye karatasi moja. Nimejipongeza kwa chai.

Jumatano, 26 Machi

Nimegombana na Chiriku. Nilimwambia ashushe sauti asubuhi, kuna watu wamelala. Akacheka. "Watu gani? Jua limeshatoka, mdogo wangu." Nikamwambia jengo hili lina masikio ya watu, si ya punda. Akaendelea kushona.

Mama amenisikia kutoka juu. Chakula cha jioni amekula bila kuniambia neno.

Jumamosi, 29 Machi

Bosi ameniruhusu kutumia printa mradi karatasi ni zetu. Nilizipitia za juu ya jedwali, za majirani wa ghorofa yetu, moja baada ya nyingine: jina sawa, sifuri sawa, tarehe sawa, sababu zao fupi zimekaa vizuri. Nikaridhika, nikazima printa.

Sahihi zimewekwa jioni kwa Kinyozi. Umeme ulikuwa umekatika, mvua inapiga bati, watu wakasaini wakinyooshea karatasi mlangoni kutafuta mwanga. Chiriku alisaini akiwa na ndoo mkononi, maji yalikuwa yameingia kwake. Hakuna aliyesoma. Mama alisaini pale nilipomwekea kidole.

Jumanne, 1 Aprili

Nimezipeleka. Zimepigwa muhuri. Nimerudi kwa miguu kwenye mvua na sikuijali.

Jumatano, 2 Aprili

Nataka kuandika haya kabla hasira haijapoa.

Afisa wa nyumba alituita asubuhi. Tulikwenda mimi na Kinyozi, na Mama akasema anakuja, na hakuna wa kumzuia. Meneja wa kampuni alikuwa ameshaketi, miguu imepishana, barua zetu mbele yake. Kampuni ina haki ya kuzisoma, hilo sikulijua.

"Mheshimiwa," akamwambia afisa, "mimi sina ubaya na watu hawa. Lakini tazama walichotuletea." Akachomoa moja, akasoma taratibu kwa sauti ya kuwasomea watoto: "'Leo sioni kitu, lakini humu ndani mimi.' Basi. Imeishia hapo. Humu ndani wewe nini? Hii nyingine inaishia katikati ya neno. Na hii. Na hii."

Akaisukuma moja kwangu. Ilikuwa kweli. Barua zote ndefu zimekatwa mahali pamoja, kama mtu kapitisha mkasi. Za majirani wa ghorofa yetu nilizozikagua zilikuwa nzima kwa sababu zilikuwa fupi.

"Barua isiyokamilika si barua," Meneja akasema. "Naomba zisipokelewe, na neno langu hilo liandikwe."

Afisa ni mtu mzima, mkavu, asiyeegemea popote. Akaliandika. Kisha akasema, "Mna muda mpaka Ijumaa, mwisho wa saa za kazi. Mkileta zilizokamilika, nitazipokea. Msipoleta, jengo halina pingamizi."

Tulipofika nyumbani Mama akaketi, akavua viatu, ndipo akasema.

"Umenikata kauli."

"Mama, ni kompyuta."

"Kompyuta hainijui mimi. Wewe unanijua. Yule mwanamume amenisoma nusu mbele za watu, nikawa kama ajuza anayesahau alichotaka kusema." Akageuza uso ukutani. "Usiniambie kompyuta."

Ninaandika hapa jibu nililo nalo sasa: kesho siendi kazini, na Ijumaa zile barua zitakuwa mezani pa yule mtu, kila moja na nukta yake ya mwisho.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Bosi kanipa siku moja na ile kompyuta, kwa masharti nisiilowanishe. Niliiweka mbali na ndoo, nikaanza.

Nilifungua jedwali. Maneno yote yamo, hayajakatwa hata herufi. Nilifungua barua, yamekatwa. Nikapanua pengo, nikabadilisha mwandiko, nikafuta kiolezo na kukiandika upya. Nikaunganisha tena, yakakatwa pale pale. Nikarudia tena na tena mpaka nikaanza kuitukana mashine kwa majina ya ukoo wake.

Mama alikuwa kitandani, anasikiliza. Mwishowe akasema, "Unasoma nini hapo?"

"Barua, Mama. Naangalia zinapokatika."

"Nisomee. Anza na ya Chiriku."

"Ya Chiriku ni ya mwisho kabisa. Na ni ndefu kuliko zote."

"Ndiyo maana nataka ianze."

Sikuwa na nguvu za kubishana naye siku mbili mfululizo. Nikauhamisha mstari wa Chiriku kutoka mkiani, nikauweka kileleni mwa jedwali, nikaunganisha tena ili nimsomee Mama ilipokatwa.

Haikuwa imekatwa. Ilitiririka ukurasa wa kwanza, ikavuka wa pili, mpaka kwenye sahihi. Nikateremka kwenye barua ya Mama. "...humu ndani mimi naenda nitakako bila kushikwa mkono." Nzima. Za watu wote, nzima.

Ilinichukua muda kuelewa, kisha nikaona ni jambo la kijinga. Kompyuta haisomi jedwali lote. Inachungulia mistari ya juu tu, na kwa mistari hiyo inaamua wengine wote wakoje. Juu niliwaweka majirani wa ghorofa yetu na maneno yao mafupi, ikadhani jengo zima lina maneno mafupi, na aliyezidisha ikamkata. Nilipomtanguliza mwenye maneno mengi, ikawapisha wote.

Nilimwambia Mama. Akatikisa kichwa kana kwamba nimemwambia mvua inanyesha.

"Kwani wewe unadhani mimi nashukaje ngazi?"

"Kwa fimbo."

"Fimbo inanionyesha ngazi. Hainionyeshi zinapokwisha. Nikifungua mlango huu asubuhi, fimbo ikigonga, Chiriku anaanza kusema. Nashuka nikifuata kinywa chake. Nikiwa mbali anapaza, nikikaribia anashusha. Nikikanyaga chini miguu yote miwili, ananyamaza. Hujawahi kujiuliza kwa nini ananyamaza?"

Sijawahi. Niliposikia amenyamaza nilishukuru tu, nikachukua mkoba wangu.

Mchana, baada ya kukimbilia printa ya kazini, nilimpelekea Chiriku barua mpya asaini. Alikuwa amepandisha cherehani juu ya meza kwa ajili ya maji, anashona amesimama. Nikamwuliza kama ni kweli.

"Sasa we ulidhani nina mambo ya kusema asubuhi zote hizo?" akasema, bila kuinua macho. "Mengine natunga."

"Yule mteja aliyenenepa?"

"Hayupo. Nilimtunga mwaka juzi. Mama yako anampenda, ndiyo maana namrudisharudisha."

Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno ya punda, badala yake nikamnyooshea barua. Alisoma barua yake yote, ukurasa hadi ukurasa, nami nikasimama kwenye maji nikingoja. Akasaini. "Hujaniruka," akasema.

"Wewe ndiye wa kwanza, dada."

Ijumaa, 4 Aprili

Zimefika. Zote zimesomwa na wenyewe kabla ya sahihi, mchana kweupe. Ya juu kabisa kwenye rundo ni ya dada wa chini.

Jumatatu, 7 Aprili

Ndoo imejaa mara mbili. Asubuhi nilikaa juu ya ngazi nikasikiliza. Yule mteja amenenepa tena, amevunja kiti cha kupimia. Mama alifika chini akicheka.

Jumatano, 16 Aprili

Kikao. Tulikwenda jengo zima, wengine wakasimama ukutani.

Meneja alikuja na hoja mpya. Barua hizi, akasema, zina kichwa kimoja, mwandiko mmoja, zimetoka kompyuta moja. Kwa hiyo ni barua moja iliyobadilishwa majina, na ihesabiwe moja.

"Zinafanana?" afisa akauliza.

"Zimetoka mkono mmoja, mheshimiwa."

"Nimeuliza zinafanana." Akachukua ya juu. "Mwenyewe yupo? Asome."

Dada wa chini akasimama, akavaa miwani, akaanza. Alisoma mitaro. Alisoma bomba lililopasuka na kampuni ikaja baada ya wapangaji kuliziba kwa mpira wa baiskeli. Alisoma ni nani alizaliwa ngazini usiku gari lilipochelewa, na yule aliyezaliwa alikuwa pale ukutani, ana ndevu, akainamisha kichwa kwa haya.

"Mheshimiwa," Meneja akasema, "tumeelewa. Tungeomba afupishe."

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua. "Barua hizi zilishakatwa mara moja," nikasema, "na wewe mwenyewe ukasema barua isiyokamilika si barua. Imeandikwa hapo. Leo haikatwi."

Afisa akafungua kurasa zake za nyuma, akalitafuta lile neno, akalikuta. "Endelea, mama," akamwambia dada wa chini.

Akaendelea. Naye akachukua wakati wake.

Kisha akaitwa Mama. Nilimletea karatasi, akaikunja, akaiweka mapajani. Alisema barua yake kwa kichwa, kuanzia bibi harusi. Alipofika kwenye "humu ndani mimi" akasita, akageuza uso upande ambao sauti ya Meneja ilikuwa imetokea, akasubiri kidogo. Kisha akamalizia.

Uamuzi wa afisa ni huu. Kila pingamizi ni pingamizi. Kampuni imjibu kila mpangaji kwa jina lake na kwa sababu zake, na majibu yafike kabla ya saa za kazi kwisha tarehe 30 Mei. Isipofanya hivyo, kibali cha kubomoa kinafutwa. Na kanuni ya Meneja itawahusu na wao: jibu lisilokamilika si jibu.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuna jibu. Mvua.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna jibu. Mvua imepungua. Kinyozi anauliza kila siku kama nimesikia kitu, nami kila siku namjibu kwamba kinachosikika hapa ni dada wa chini tu.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuna jibu, na nimeanza kuogopa. Mtu anayengoja mpaka siku ya mwisho huenda anajipanga vizuri. Nimeikung'uta ndoo na kuianika.

Ijumaa, 30 Mei

Tarishi wa kampuni amefika alasiri, jasho linamtiririka, na mfuko wa bahasha. Ngazi zilijaa watu. Nilichukua ya Mama nikaichana.

"Ndugu Jina_la_Mpangaji. Kuhusu pingamizi lako la tarehe Tarehe_ya_Barua, tumezingatia sababu zako kwamba Sababu, na tunasikitika..."

Nilifungua ya pili. Nikafungua ya Kinyozi. Zote.

Najua kilichowapata, na namna ya kukitengeneza ni kazi ya dakika chache. Sitawaambia.

Kinyozi alilazimika kuketi kwenye ngazi kwa kicheko. Mimi sikucheka, nililia, huku nimeshika ile karatasi. Nikapanda nayo juu, Mama akauliza imeandikwaje. Safari hii sikumtilia jina lake. Nilimsomea kama ilivyo.

Akanyoosha mkono, nikairudisha kwenye bahasha, nikampa. Akashika fimbo, akatoka mlangoni, na chini kule yule mteja akaanza kunenepa. Mama alishuka ghorofa zote peke yake, watu wakimpisha, mpaka sauti ikanyamaza. Tarishi alikuwa amesimama hapo kwenye mlango wa chini, anangoja mtu amsainie. Mama akamrudishia bahasha kifuani.

"Mwanangu, umepotea," akamwambia. "Huyu hakai hapa. Hapa nakaa mimi."